Muulize Kukhu: Nikija Msitu wa Kakamega, Nilete Miche?

Kukhu ni mwalimu mstaafu anayeishi Shinyalu, jirani na msitu. Katika toleo hili anajibu barua kuhusu kujitolea msituni.

Mulembe Kukhu. Sisi ni vijana wa kanisa hapa Kisumu. Tumechanga pesa, tumenunua miche ya mikaratusi na migrevilea, na tumekodi matatu itulete Isecheno, hapo msituni, Jumamosi moja ya Januari tuje kupanda. Mpiga picha yuko tayari. Tujiandae na nini kingine? – Katibu wa vijana, Kisumu

Mulembe sana, mwanangu. Matatu msiifute. Miche ndiyo ibaki Kisumu.

Mkaratusi una faida yake ya nguzo na kuni, na mgrevilea unafaa sana mpakani mwa shamba. Lakini Kakamega ni kipande cha msitu wa mvua wa jamii ya misitu ya Kongo, na Kenya nzima hatuna mwingine kama huo. Miti yake ya asili inajulikana: mutere, mwiritsa, mukomari, mitini ya kila namna. Kuleta mikaratusi hapo ni kama kumpelekea mtu makochi yako sebuleni kwake bila kumuuliza.

Halafu Januari! Huku kwetu Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu. Mkisharudi Kisumu, nani ataunywesha huo mche? Mvua nzito huja Aprili na Mei, na hapo ndipo watu wa hapa hupanda.

Hata Aprili usione uwazi ukakimbilia jembe. Msitu huu una viwanja vya nyasi ndani yake, na vingine vimekuwepo tangu babu zetu. Si kila uwazi ni jeraha. Tena msitu hujipanda wenyewe. Kima anakula tunda hapa, anaiacha mbegu kule. Watafiti waliochunguza mipera iliyoota mashambani kandokando ya msitu walikuta chini yake miche ya miti ya msituni, kwa sababu ndege wanaokuja kula mapera huangusha mbegu walizobeba. Mpera wenyewe ni mgeni kutoka Amerika na ndani ya msitu unaweza kuleta taabu, lakini huo wa shambani unafanya kazi ambayo vijana wako walitaka kupigiwa picha wakiifanya.

Basi mfanye nini? Kazi ipo tele, ila haipendezi kwenye picha. Kitaluni kuna viriba vya kujaza udongo na miche ya kuhamisha. Kuna kupalilia miche iliyopandwa na wageni wa msimu uliopita, ambayo sasa imemezwa na nyasi na lantana. Hii ndiyo ningewapa ninyi kwanza, maana miche mingi hufa kwa kukosa mtu wa kurudi. Kuna kufyeka njia na kuokota takataka. Na chupa za plastiki za kutumia mara moja msije nazo, zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga zetu tangu tarehe 5 Juni 2020. Bebeni maji kwa vibuyu.

Kabla ya hayo yote, andikieni ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) Isecheno, na mzungumze na Muileshi, chama cha jamii cha upande huu. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na msimamizi wake ni shirika la wanyamapori, KWS, lenye lango lake na ada zake. Msifike Buyangu mkipunga barua ya Isecheno. Nimewaona watu wakirudishwa kwa hilo, na matatu wamelipia.

Kukhu, nimestaafu uuguzi Nakuru nikarudi nyumbani Khayega. Magoti hayanipi ruhusa ya kuinama. Rafiki yangu ananiambia nijiunge na kikundi cha msitu niwe nasikiliza ndege tu na kuandika. Hiyo si kazi, ni starehe. Naona haya kujiita mtu wa kujitolea. – Muuguzi mstaafu

Haya iweke kando, mdogo wangu. Niliowaona wakija kwa ajili ya kazi peke yake walikuja siku ya kupanda miti, wakapewa fulana, basi. Waliokuja kwa sababu ya ndege wapo hadi leo.

Nikueleze kwa nini nawapenda hao wa starehe. Chukua mwiritsa. Ukiponda jani lake kiganjani linatoa harufu ya lozi chungu. Gome lake linatafutwa kwa dawa ya tezi dume, hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, mwaka 1995. Hapa kwetu mtu akitaka pesa za haraka huja na panga akalichuna kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo unakauka ungali umesimama. Sasa nani atauona mapema? Askari wa misitu ni wachache na msitu ni mpana. Anayeuona ni yule anayepita hapo kila wiki bila haraka, anayejua shina hilo lilikuwaje Jumanne iliyopita. Kwenye kikundi chetu, gome lililochunwa upande mmoja liligunduliwa na mzee ambaye hajawahi kushika jembe nasi hata siku moja. Yeye huja kwa ajili ya vipepeo. Aliripoti, na mti bado uko hai. Mimi nilikuwa nimepita njia hiyohiyo nikiwa na mzigo wa viriba, sikuona kitu.

Kwa hiyo njoo. Njia nyingi za Isecheno ni tambarare, magoti yatakubali. Kilima cha Lirhanda waachie wajukuu, na lile handaki la wachimba dhahabu wa zamani lenye popo pia. Fika alfajiri. Utawasikia hondohondo kabla hujawaona, mabawa yao yana kelele kuliko midomo. Ukibahatika utamwona shorobo mkubwa wa buluu, mdomo wa njano wenye ncha nyekundu, akikimbia juu ya tawi badala ya kuruka kama ndege wenye adabu. Ukikuta ndege wadogo wamekusanyika chini wakihangaika, usisogee ovyo: wanafuata siafu, wanakula wadudu wanaokimbia mbele ya msafara. Ni kitu kizuri sana kutazama ukiwa umevaa gambuti. Vaa gambuti.

Daftari lako andika tarehe, saa, mahali na ulichosikia. Usichokitambua andika "sijui". Wewe umeandika chati za wagonjwa maisha yako yote, huhitaji mafunzo zaidi.

Kukhu, mimi ni kijana wa Ileho na niko kwenye kikundi cha kujitolea. Binamu yangu anachoma makaa msituni. Nikisema nimeuza ndugu, nikinyamaza mimi ni mnafiki. Nifanyeje? – Niko Njia Panda

Hili ni gumu na sitalipamba. Tofautisha kwanza. Mama anayetoka na mzigo wa kuni kavu mgongoni si adui wa msitu. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii, kupitia vyama vyao na kwa makubaliano na KFS, kupata kuni, nyasi, dawa na asali. Vijana wa mjini wanaompiga picha mama huyo na kumwita mharibifu huwa nawafokea hadharani. Makaa ni habari nyingine. Huanza na kuangusha mti mbichi.

Zungumza na binamu mwenyewe kwanza, mkiwa wawili, wala usianze na msitu. Anza na anachopata kwa gunia baada ya kumlipa mbebaji na kujificha usiku. Kisha mpeleke kwa watu wanaopata riziki bila kujificha. Wakulima wa kikundi cha Muliru hapa Kakamega walianza kulima mwonyi, mmea wa dawa, mashambani na kutoa mafuta yake kwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sisemi binamu yako atatajirika kwa mwonyi. Nasema atalala usiku.

Asiposikia, ripoti mahali, si mtu. Mwambie kiongozi wa chama kwamba kuna tanuri upande fulani, uache wenye kazi wafanye kazi yao. Usiende kulibomoa mwenyewe. Kujitolea hakukupi bunduki wala cheo, na watu wameumizwa kwa kujifanya askari.

Kukhu, nikija matembezi naweza kuokota mbegu au kung'oa kamche kamoja nipande kwangu Nakuru? – Mpenda miti

Hapana, hata kamoja. Pita kitaluni Isecheno ununue mukomari, utavumilia Nakuru kuliko wengi wa humu, nasi tutapata pesa ya viriba.