Maswali na Majibu: Wendell Scott, mshindi wa Jacksonville aliyenyimwa kombe lake

Wasomaji wameuliza mengi kuhusu Wendell Scott, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda mbio za ngazi ya juu za NASCAR, shirika linaloendesha mbio za magari ya stoki, yaani yanayotokana na magari ya kawaida ya barabarani, huko Marekani. Nayajibu maswali hayo hapa. Baadhi nimeyafupisha.

Sisi tumezoea Safari Rally, magari yakiachiwa moja moja yakimbizane na saa. Hizi za NASCAR zikoje? (Msomaji, Nakuru)

Kule magari yote huondoka pamoja, yanabanana kwenye uwanja mmoja wa mviringo, yanakata kona kushoto mzunguko baada ya mzunguko mpaka bendera ya mirabamraba ipeperushwe. Enzi za Scott gari lenyewe lilikuwa Chevrolet au Ford ya kawaida, lililotolewa viti, likafungwa mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, na injini yake ikafanyiwa kazi usiku kucha. Viwanja vingi vilikuwa vya udongo. NASCAR iliundwa mwaka 1948, na makao ya mchezo huu ni majimbo ya kusini: Virginia, Carolina mbili, Georgia, Alabama, Florida. Yakumbuke majimbo hayo, maana bila hayo maisha ya Scott hayaeleweki.

Kaka, ni kweli kwamba polisi ndio waliomwingiza kwenye mbio? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli, ndugu yangu. Scott alizaliwa Danville, Virginia, tarehe 29 Agosti 1921. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa fundi wa magari jeshini, katika kikosi cha watu weusi peke yao, kwa sababu jeshi la Marekani nalo lilikuwa likiwatenganisha askari kwa rangi. Aliporudi nyumbani aliendesha teksi, akafungua gereji, na usiku alisafirisha pombe ya magendo, gongo ya kwao. Kazi hiyo ilitaka gari lenye mbio kuliko la polisi, na lake alilitengeneza mwenyewe. Mwaka 1949 walimkamata, akahukumiwa kifungo cha nje.

Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka kuvuta watazamaji zaidi, wakaamua kumtafuta dereva mweusi. Wakaenda kuwauliza polisi ni nani katika weusi wa mji ule anayekimbiza gari kuliko wote. Polisi wakamtaja Scott, mtu waliyekuwa wakimfukuza usiku. Siku ya kwanza sehemu ya watazamaji walimzomea. Akalikarabati gari, akalikokota hadi Winston-Salem kwenye mbio za NASCAR, wakamfukuza kwa sababu ya rangi yake. Akajaribu kwingine, wakamfukuza tena. Akarudi kwenye mbio ndogo zisizo za NASCAR, na siku chache baadaye akapata ushindi wake wa kwanza huko Lynchburg.

Leseni ya NASCAR aliipata miaka michache baadaye huko Richmond, kwa msimamizi mmoja wa mbio aliyekubali kumsainia. Kufikia 1959 alikuwa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake, na Machi 1961 akaingia ngazi ya juu kabisa, huko Spartanburg, South Carolina.

Hebu tueleze ya Jacksonville. Mtu anashindaje halafu ushindi anapewa mwingine? (Msomaji, Mombasa)

Hili ndilo lililoulizwa na wengi, nami nitalikalia.

Ilikuwa tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, uwanja wa udongo wa nusu maili, mizunguko 200. Miezi michache kabla, mwezi Septemba, bomu lilitegwa kwenye kanisa la watu weusi huko Birmingham, Alabama, likaua wasichana wanne. Hali ya kusini ndiyo hiyo. Scott alikuwa na Chevrolet namba 34, gari alilolinunua kwa dereva mwenzake Ned Jarrett. Mbele yake alikuwa Richard Petty, ambaye baadaye angekuwa mwenye ushindi mwingi kuliko dereva yeyote wa NASCAR. Gari la Petty likapata hitilafu, na mizunguko 25 ikiwa imebaki, Scott akampita.

Akamaliza mizunguko yake yote, bendera haikupeperushwa. Akaendelea kuzunguka. Bendera ikaja kumpeperukia Buck Baker, dereva mzungu, naye akatangazwa mshindi, akapewa kombe na kupigwa picha na mrembo wa mashindano. Scott akapinga, akadai mizunguko ihesabiwe upya. Baada ya saa kama mbili, watazamaji wameshatawanyika, maafisa wakakiri kwamba Scott ndiye aliyeshinda, tena kwa kumwacha Baker mizunguko miwili mizima. Wakasema ni kosa la kuhesabu. Fedha za mshindi alilipwa. Kombe lilikuwa limeshaondoka na Baker.

Scott mwenyewe aliamini kwamba hawakutaka watu wamwone mtu mweusi amesimama na yule mrembo wa kizungu, ambaye kwa desturi humbusu mshindi. Mimi naona maelezo yake yana uzito kuliko ya maafisa. Kukosea mzunguko mmoja katika vumbi la uwanja wa udongo kunawezekana. Kukosea miwili, kwa gari linaloongoza, ambalo kila jicho uwanjani linalifuata, ni vigumu kukubali.

Lakini alikimbia mbio 495 akashinda moja tu. Si ni kusema hakuwa dereva mzuri sana? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, na hapa nasema kwa moyo wote. Tazama tarakimu nyingine: katika hizo 495 alimaliza ndani ya kumi bora mara 147, na ndani ya tano bora mara 20. Mwaka 1966 alikuwa wa sita katika msimamo wa msimu mzima, bila kushinda hata mbio moja. Anayeshika nafasi ya sita kwa mwaka mzima bila ushindi ni mtu anayemaliza mbio wiki baada ya wiki wakati wenzake wanaunguza injini.

Na alimaliza kwa sababu ilimbidi amalize. Madereva wakubwa waliendesha magari ya timu zilizosaidiwa na viwanda vya magari vya Detroit: injini mpya, mafundi wa mshahara, matairi ya kutosha. Scott alikuwa mwenye gari, fundi na dereva. Mafundi wake wengine walikuwa wanawe, wakiwemo Wendell mdogo na Frank. Spea nyingi zilikuwa za mtumba, pengine zilizoachwa na timu tajiri. Mtu wa namna hiyo akilazimisha injini ili apate nafasi ya pili badala ya ya saba, kisha ikafa, wiki inayofuata hana gari, na nyumbani ana mke na watoto saba. Kwa hiyo alikuwa akipiga hesabu huku anaendesha: gari lifike, hela ya zawadi ipatikane, twende mji unaofuata.

Katika hesabu hiyo yalikuwemo pia mambo ambayo Petty na Jarrett hawakuwa nayo. Kulikuwa na hoteli zisizompokea na migahawa isiyomuuzia chakula. Walikuwepo pia madereva waliomgonga kwa makusudi. Nipe dereva mwingine yeyote wa wakati ule, mwekee mzigo huohuo, ndipo tulinganishe.

Aliachaje mbio? (Msomaji, Bukoba)

Mei 1973, Talladega, Alabama, magari zaidi ya ishirini yaligongana kwa mkupuo, na la Scott likiwemo. Alivunjika mbavu na nyonga. Alirudi mara moja tu, mwezi Oktoba mwaka uleule huko Charlotte, akamaliza wa kumi na mbili, akastaafu. Alifariki Danville tarehe 23 Desemba 1990 kwa saratani.

Je, lile kombe lilipatikana? (Msomaji, Mombasa, yuleyule)

Lile lenyewe, hapana. Mwaka 2010 familia ilipewa nakala yake huko Jacksonville. NASCAR ilimwingiza Scott katika Jumba lake la Mashujaa mwaka 2015. Tarehe 28 Agosti 2021, kesho yake ingekuwa siku ya kutimiza miaka 100 tangu azaliwe, familia ilikabidhiwa kombe rasmi kwenye uwanja wa Daytona. Wanawe walikuwa wamelidai kwa miaka mingi. Nawapongeza kwa kutochoka, ila sioni sababu ya kuwashukuru sana waliochelewa namna ile.

Baada yake kuna mweusi mwingine aliyeshinda? (Msomaji, Kigali)

Katika ngazi ya juu ni Bubba Wallace. Alishinda Talladega tarehe 4 Oktoba 2021, akiendesha gari namba 23 la timu ambayo Michael Jordan ni mmoja wa wamiliki wake. Kutoka Jacksonville mpaka siku hiyo ilipita karibu miaka 58. Wallace alilelewa katika mpango ambao NASCAR iliuanzisha mwaka 2004 wa kuwakuza madereva wasio wazungu pamoja na wanawake, na hilo ndilo Scott alilolikosa: mtu wa kukugharamia ukiwa bado unajifunza. Oktoba 2014, katika mbio za malori madogo za Martinsville, Wallace aliomba kukimbia na namba 34 kwa heshima ya Scott, akashinda. Julai 2025 akashinda Indianapolis. Ukitaka kijana wa kumfuatilia baada yake, mtazame Rajah Caruth, aliyeshinda mbio za malori za Las Vegas Machi 2024.