Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: kagua haya kabla hujataja bei

Mkuu, umesema nyumba iko Tandika, Dar es Salaam, vyumba sita na korido katikati, vyoo uani, bati la zamani, rangi mpya, na dalali anakuharakisha. Unataka kujua matengenezo yatakula kiasi gani. Hiyo rangi isikushughulishe. Nyumba za Dar zinaliwa na maji na chumvi, kwa hiyo fuata maji.

Anza darini. Panda saa sita mchana jua likiwa kali, kisha zima tochi. Matundu ya bati yatawaka kama nyota. Yakiwa kwenye mistari ya misumari tu, yanazibika. Yakiwa yametapakaa katikati ya bati, kutu imeshamaliza kazi, hesabu bati jipya. Washa tochi, choma bisibisi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) pale inapokalia ukuta: ikizama sentimita 1 bila kutumia nguvu, mbao hiyo imekwisha. Ukiona njia za udongo za mchwa, bomoa kipande. Wakitoka weupe wanatembea, bado wamo. Muuzaji akikuzuia kupanda, simama barabarani uangalie mstari wa kofia, ule wa juu kabisa ya paa. Ukiwa umebonyea katikati, jibu unalo.

Nyumba ya mita 8 kwa 10, ukiongeza sentimita 60 za kutokeza kila upande na mwinuko wa kawaida wa nyuzi 20, paa lina kama mita za mraba 110. Bati la mita 3 likishalaliana linafunika kama mita 2 za mraba. Hapo ni bati 55, nunua 60. Misumari, kofia na mbao za kubadilisha ni hesabu nyingine.

Kwenye kuta ndiko watu wanakopigwa. Pita na sarafu ukigonga kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Panapotoa mlio wa uwazi, plasta imeachia. Angalia sehemu wasizopaka rangi: nyuma ya kabati la mpangaji, stoo, ukuta wa uani. Unga mweupe ni chumvi inayopandishwa na unyevu wa ardhini. Usikimbilie kubandua plasta kabla ya kutazama nje, kwa sababu mara nyingi uwanja umejazwa kifusi mwaka hadi mwaka mpaka umepita usawa wa sakafu. Kushusha udongo hadi sentimita 15 chini ya sakafu ni kazi ya vibarua na koleo, siyo ya kukutisha. Kama nje pako chini na ukuta bado unalowa, msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu. Hapo plasta inabanduliwa hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, ukuta unaachwa ukauke, halafu unapigwa upya saruji 1 kwa mchanga wa mto 4, pamoja na dawa ya kuzuia maji. Mfuko wa kilo 50 unatosha kama mita 8 za mraba kwa unene wa milimita 15. Hii inapunguza tatizo, hailiondoi. Fundi anayetaka kuskimu (kupaka tabaka jembamba la kulainisha) juu ya plasta yenye chumvi anakuuzia masika moja tu.

Nyufa nyembamba kama uzi ni za plasta. Wa kuogopa ni ule unaoshuka ngazi-ngazi kutoka pembe ya dirisha, unapita hadi kwenye tofali na juu ni mpana kuliko chini: upande mmoja wa nyumba unazama. Piga alama mbili za penseli pande zote za ufa, pima, andika tarehe, rudi baada ya wiki tatu. Umeongezeka? Lete mhandisi au achana nayo.

Choo: mwenzako amwage ndoo mbili za lita 20 kwa mkupuo, wewe simama kwenye chemba (kishimo cha kukagulia bomba la majitaka). Maji yakichelewa, bomba limeziba au halina mteremko. Kuhusu shimo la choo waulize wapangaji, siyo muuzaji: gari la majitaka linaitwa mara ngapi? Kama ni kila mvua kubwa ikinyesha, maji ya ardhini yako juu, na kulichimba zaidi ni kutafuta kisima.

Umeme ni dakika tano. Zima kila kitu, tazama kitaa chekundu cha Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kikiendelea kupepesa, umeme unavuja au kuna jirani kaunganishiwa. Kisha zima swichi kuu, fungua soketi moja: ukikuta nyaya mbili badala ya tatu, hakuna ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini), weka gharama ya kutandika nyaya upya nyumba nzima. Kwenye mita ya maji ni vilevile: funga bomba zote, sindano isimame.

Jumlisha vifaa na ufundi, ongeza asilimia 20, kisha kodi ya miezi ambayo vyumba vitakaa wazi fundi akiwa kazini. Na kabla hujatoa hata senti, pita mlango kwa mlango uone risiti za kodi za wapangaji. Mpangaji aliyemlipa muuzaji miezi sita mbele huwezi kumdai tena wala kumtoa ili upige plasta. Hiyo pesa ikatwe kwenye bei.