Ruta moja tu, laptopu inanguruma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma mitandao, nipo Iyunga, Mbeya. Nimesakinisha GNS3, programu ya kuigiza mitandao, kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8. Nikiwasha ruta moja tu ya Cisco 3725, prosesa inapanda juu na feni inanguruma. Nikiwasha ya pili, laptopu inaganda. Wenzangu wanasema niongeze RAM. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hela ya RAM ibaki mfukoni kwanza. Ruta ya 3725 kwa kawaida hupewa MB 128 tu, hivyo GB 8 zako hazina kosa. Na feni kunguruma Mbeya, kwa baridi hii ya Julai, si bure: hujaweka Idle-PC.

Ruta hizo huendeshwa na Dynamips, programu aliyoianzisha Christophe Fillot mwaka 2005. Inaigiza prosesa ya ruta amri kwa amri. Ruta ikikosa kazi huzunguka palepale ikisubiri, lakini Dynamips haijui kwamba huko ni kusubiri, kwa hiyo inaigiza kila mzunguko kwa nguvu zote. Ni bajaji isiyo na abiria pale Kabwe, dereva anapiga resi tu. Idle-PC ni namba inayoionyesha Dynamips sehemu ya kusubiria, ili ikifika hapo ipumzike.

Washa ruta moja, fungua konsoli, yaani dirisha la kuiandikia ruta amri. Ikikuuliza kama unataka kuanza usanidi (kuipangia ruta mipangilio), jibu "no". Subiri hadi uone Router> na maneno yaache kutiririka. Hapa wengi wana haraka, wanapata namba mbovu. Kisha bofya ruta kwa kitufe cha kulia, chagua Idle-PC. Anza na namba yenye nyota, huku unaangalia prosesa kwenye Task Manager. Isiposhuka, jaribu inayofuata. Namba hiyo hufuata faili la IOS, yaani programu endeshi ya ruta, si kompyuta, kwa hiyo mwenzako mwenye faili lilelile mpe. Faili lenyewe ni mali ya Cisco, haliji na GNS3. Usiniulize la kupakua bure.

Mashine pepe ya GNS3 (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako) iache kwa sasa, 3725 haiihitaji. Siku ukiihitaji, washa kwanza uwezo wa mashine pepe kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), na toleo lake lilingane kabisa na la GNS3 uliyonayo.

Na kabla hujazima, andika "write" kwenye kila ruta. Kuhifadhi mradi peke yake hakuhifadhi usanidi uliouandika humo ndani.