Apu inaomba kufuta faili zote za Drive ya shule, niikubali?

SWALI: Habari, mi ni mwalimu wa hesabu ila nimebebeshwa pia kazi ya kusimamia akaunti za Google Workspace za shule, eti kwa sababu we ndo unajua kompyuta. Kila siku naletewa maombi, mwanafunzi anataka apu hii, mwalimu anataka ile, na nyingine zinaomba kuona na kufuta faili zote za Drive. Nikikataa naambiwa nazuia masomo. Halafu juzi mwalimu mwenzangu aliiruhusu apu moja ya kutunga maswali, akaingiwa na wasiwasi, akabadilisha paswedi. Imetosha?

JIBU: Pole mwalimu, hiyo kazi wengi tumeipata kwa njia hiyohiyo. Ngoja nianze na huyo mwenzako maana maombi mengine yanaweza kusubiri, la kwake haliwezi.

Haijatosha. Unapobonyeza kuruhusu, apu haichukui paswedi yako, inapewa tokeni, yaani kama ufunguo wa kidijitali, na ile tokeni ndo inaingia kwenye data bila kuuliza paswedi tena. Kwa Google ziko mbili, moja inadumu kama saa moja hivi, nyingine kazi yake ni kuomba hiyo ya saa moja upya kila ikiisha, kwa hiyo mwalimu kalala zake, kompyuta kaizima, apu bado inasoma faili. Ukibadilisha paswedi Google inafuta tokeni zenye ruhusa za Gmail, lakini yenye ruhusa ya Drive peke yake inabaki palepale, na apu za kutunga maswali mara nyingi ndo huko zinakotaka.

Sasa fanya hivi. Ingia Admin console, ule ukurasa wa kusimamia akaunti za shule, tafuta jina la huyo mwalimu kwenye Users, fungua sehemu ya Security, shuka mpaka Connected applications, uiondoe apu hapo. Yeye mwenyewe pia anaweza kuiondoa kwa kufungua myaccount.google.com/connections. Ukimaliza usifunge, nenda Reporting ukaangalie OAuth log events, yaani kumbukumbu za apu zilizopewa ruhusa, utaona nani mwingine aliiruhusu apu hiyohiyo na lini, maana walimu wakipata kitu kizuri hawali peke yao, wanatumiana linki. Na ujue kwamba kuondoa ruhusa kunafunga mlango tu, kilichokwisha kunakiliwa kiko kwao, kwa hiyo kama kwenye Drive yake kulikuwa na matokeo au taarifa za wanafunzi, mwambie mkuu wa shule leo na muwaandikie wenye apu wafute. Najua hapo kwa mkuu ndo pagumu, ila akija kulisikia kwa mzazi itakuwa mbaya zaidi.

Tuje kwenye maombi yenyewe. Kosa ninaloliona sana ni admini kuangalia nani kaomba, kama ni mwalimu mkuu msaidizi inapita, kama ni mtoto wa kidato cha kwanza haipiti. Angalia apu inataka nini na kazi yake ni nini, basi. Apu inayotaka jina, imeili na picha ili mtu alogini haina shida kubwa. Inayotaka faili ilizotengeneza yenyewe au zile mtu alizozifungua kwa kuitumia, hiyo nayo inavumilika, kwenye orodha ya ruhusa inazoomba utaiona imeandikwa drive.file. Ikiandikwa drive tupu bila hicho kipande cha mwisho, hapo ni Drive nzima, kuona, kubadili na kufuta, na apu ya maswali ya kuchagua haina sababu ya kutaka hivyo. Ikitaka kutuma imeili kwa jina la mtumiaji mi nakataa kabla sijamaliza kusoma.

Jina la apu nalo usiliamini. Mei 2017 kuna apu ilisambaa kwa imeili ikijiita Google Docs kabisa, watu wakabonyeza kwenye ukurasa halisi wa Google, wakaipa ruhusa ya kusoma na kutuma imeili, nayo ikajituma kwa kila aliyekuwa kwenye kontakti zao. Hakuna paswedi hata moja iliyoibiwa pale! Google waliizima ndani ya kama saa moja. Ndo maana unapoidhinisha, idhinisha kwa ile namba ya utambulisho ya apu, client ID, na uangalie domeini ya developa, jina mtu yeyote anaweza kuandika analotaka.

Mahali pa kuidhinisha ni Security, kisha Access and data control, kisha API controls. Utakuta machaguo manne: Trusted, Limited, Specific Google data na Blocked. Watu wakichoka na maombi wanabonyeza Trusted, na hiyo inaipa apu njia ya kuomba data za huduma zote za Google, hata zile ulizozifungia apu nyingine. Tumia Specific Google data, chagua ruhusa zile ulizozikubali tu, halafu iweke kwa kundi linaloihitaji, kama ni darasa moja basi darasa moja. Na kama unashangaa kwa nini maombi yameongezeka, tangu Oktoba 2023 akaunti za shule zilizowekwa kuwa za walio chini ya miaka 18 haziwezi kutumia apu ambayo admini hajaiamulia kitu, na shule za msingi na sekondari zinaanza zikiwa hivyo zote. Hakikisha walimu umewaweka kundi la 18 kwenda juu, la sivyo na wao watakuwa kwenye foleni ya watoto. Ila ukishawahamisha, kwa apu ambazo hujaziamulia waachie kulogini tu, wasiweze kuzipa ruhusa ya Drive wenyewe.

Wanaotumia Microsoft, kwenye ukurasa wa kuruhusu apu kuna kisanduku kinasema Consent on behalf of your organization, kiogopeni. Mi niliwahi kukitiki kwenye shule moja nikidhani namruhusu mwalimu mmoja, kumbe nimewakubalia watu wote wa shule kwa mpigo, na nilikuja kugundua wiki mbili baadaye wakati natafuta kitu kingine kabisa.

Kuhusu lawama, usijibu hapana ukanyamaza. Mwambie mwalimu apu inataka kitu gani ambacho haikihitaji, na umuulize kama inatumika bila kulogini au kwa kupakia faili moja tu anayoitaka, mara nyingi inawezekana na yeye hakujua. Wanaoomba waandike somo gani, darasa gani na mpaka lini, muhula ukiisha unazipitia zote na zisizotumika unazitoa. Utashangaa ni nyingi kiasi gani zilifunguliwa mara moja tu.

Ila hayo ya muhula yatasubiri. Leo iweke Blocked hiyo apu ya mwenzako kwa shule nzima, ndo umfuate ofisini muongee.