Re: Milisekunde 50 hazitoshi kutenganisha noti mbili?

Ndugu yangu, kama nimekuelewa, umegonga kwa pamoja noti ileile kwenye amadinda (marimba za Uganda) mbili hapo Jinja, ukakata milisekunde 50 za rekodi, ukachora grafu ya masafa yake (mitetemo kwa sekunde, Hz), na badala ya vilele viwili, Hz 200 na Hz 212, unaona kilima kimoja kipana. Umejaza sifuri mwishoni mwa kipande mpaka sampuli (vipimo vya sauti) 65,536, wapi!

Sifuri hazina habari mpya. Zinakichora kilima kilekile kwa nukta nyingi zaidi, basi. Kinachoamua ni muda uliosikiliza: gawa 1 kwa sekunde 0.05, unapata Hz 20, ndio umbali ambao noti mbili zinahitaji kuachana ili zionekane mbili. Noti zako zimeachana Hz 12 tu, kwa hiyo katika kipande hicho hazijapata hata nafasi ya kupishana mzunguko mmoja mzima. Kupandisha kasi ya sampuli (idadi yake kwa sekunde) nako hakusaidii. Kunaongeza masafa ya juu ambayo huyahitaji. Na dirisha la Hann ulilotumia (linalofifisha kingo za kipande) linapanua kilele karibu mara mbili, ingawa linapunguza uvujaji wa pembeni, yaani vilima vya uongo kando ya kilele.

Chukua milisekunde 200 ikiwa mlio haujafifia. Rahisi zaidi (sijui kwa nini hukuanza hapa), gonga moja moja. Noti ikiwa peke yake na kelele ni ndogo, kilele chake unaweza kukikadiria kwa usahihi zaidi kuliko hiyo Hz 20, kwa kupitisha parabola (mkunjo wa umbo la upinde) kwenye nukta tatu za juu za grafu.

Kama huna rekodi nyingine, jaribu mbinu ya Prony, mhandisi Mfaransa, ya 1795: inalinganisha data na mawimbi yanayofifia. Ila kelele huivuruga haraka.