Ukikadiria upotevu wa mawimbi mafupi, anza na jua

Wengi wanaoanza kukadiria upotevu wa nguvu wa mawimbi mafupi ya redio huishika kanuni ya umbali na kutulia hapo. Kanuni yenyewe ni sahihi: chukua 32.45, jumlisha mara 20 ya logi ya masafa kwa megahetsi, kisha mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita. Kwa megahetsi 14 na kilomita 6,000 utapata upotevu wa desibeli 131 hivi (desibeli ni kipimo cha logi cha uwiano wa nguvu). Usihangaike na urefu halisi wa njia ya kupanda hadi tabaka F2, tabaka la juu la ayonosifia (hewa ya juu yenye chembe za umeme inayorudisha mawimbi ardhini), na kushuka, maana tofauti yake haifiki hata nusu desibeli. Umbali ukiongezeka maradufu, unapoteza desibeli 6 tu.

Sasa rudia hesabu kwa megahetsi 7. Jibu linashuka hadi 125, na hapo ndipo mwanafunzi anapoamua kwamba masafa ya chini yana nafuu. Usiku mara nyingi ni kweli. Mchana kuna tabaka D, kilomita 60 hadi 90 juu ya ardhi, ambalo huundwa na jua na hunyonya wimbi linapopanda na linaposhuka. Unyonyaji huo hupungua takriban kwa mraba wa masafa. Jua likiwa utosini, mruko mmoja mrefu (wimbi kupanda hadi ayonosifia na kushuka ardhini mara moja) kwa megahetsi 14 unaweza kula desibeli 10 hadi 15. Kwa megahetsi 7 hupita 40. Zile 6 ulizookoa hazisaidii kitu tena.

Kwa hiyo chora njia nzima kwenye ramani, weka alama kila mahali wimbi linapolikata tabaka D, kisha uulize ni saa ngapi pale. Saa ya ulipo wewe inahusu kipande cha kwanza tu. Ninalisisitiza hili kuliko jambo lolote, kwa sababu ni makosa machache yanayoharibu makadirio kwa kiasi hiki.

Wala usikimbilie masafa ya juu mno. Ukivuka kikomo ambacho ayonosifia inaweza kurudisha, wimbi linatoboa na kwenda zake, na hesabu yote haina maana. Kawaida hulengwa asilimia 85 ya kikomo hicho.

Upotevu wimbi linapogonga ardhi na kurudi juu kati ya miruko ni jambo jepesi: baharini chini ya desibeli 1, nchi kavu 2 au 3, penye ukame zaidi.

Antena ndiyo husahaulika. Kilomita 6,000 kwa miruko miwili zinahitaji wimbi liondoke kwa pembe ya nyuzi 4 hivi juu ya upeo wa macho. Dipoli (antena ya waya yenye mikono miwili sawa) iliyo juu ya ardhi kwa nusu ya urefu wa wimbi, kama mita 10 kwa megahetsi 14, huwa na nguvu zaidi kwenye nyuzi 30. Kwenye nyuzi 4 imepungua kwa desibeli 13 hivi. Kwa antena kama hiyo, miruko mitatu ya pembe ya nyuzi 12 huweza kuishinda ile miwili, ingawa inagusa ardhi mara moja zaidi. Zikokotoe zote mbili.

Ukishamaliza kwa mkono, linganisha na programu ya kompyuta ya VOACAP au njia ya kukokotoa ya ITU-R P.533, ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Kumbuka tu kwamba kiwango cha ishara zinachotoa ni cha kati cha mwezi: katika nusu ya siku za mwezi kitakuwa chini ya hapo. Anayetaka kusikika karibu kila siku aongeze akiba ya desibeli kadhaa kabla ya kuchagua ukubwa wa mtambo.