Kilomita 5,745 za mwaka 1926

Mhariri, umeuliza wiki hii ni rekodi gani ya michezo ambayo haitavunjwa kamwe. Najua wengi watakimbilia mpira, na wachache riadha. Jibu langu liko kwenye baiskeli: urefu wa Tour de France, mashindano ya kuzunguka Ufaransa kwa baiskeli, ya mwaka 1926, ndefu kuliko zote. Kilomita 5,745, hatua 17, yaani vipande 17 vya njia, kila kimoja cha siku moja.

Ukigawanya, unapata wastani wa kilomita 338 kwa hatua moja. Hapo mtu ametoka Dar es Salaam asubuhi na jioni anakaribia kuingia Tanga mjini, kwa nguvu za miguu yake, na safari bado mbichi. Gia za kubadilisha ukiwa mwendoni zilipigwa marufuku kwenye mashindano hayo hadi 1937. Mlima ukianza, mwendeshaji alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wenye meno mengi zaidi, akapanda tena. Atakayedhani ni jambo dogo amuulize muuza madafu yeyote wa baiskeli mjini hapa.

Hatua ya Bayonne hadi Luchon, tarehe 6 Julai, ndiyo inayosimuliwa hadi leo. Kilomita 326 katika milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, mvua, baridi na tope. Lucien Buysse wa Ubelgiji alishinda baada ya zaidi ya saa 17 barabarani. Usiku ukaingia, wenzake wengi hawajaonekana, ikabidi waandaaji watume magari kwenda kuwatafuta. Buysse huyohuyo ndiye aliyetwaa ubingwa, ingawa mashindano yakiendelea alipata habari za kifo cha binti yake na familia ikamsihi asirudi nyumbani. Walianza watu 126, wakamaliza 41.

Kwa nini watu waliteswa hivyo? Kuuza magazeti. Tour ilianzishwa 1903 na gazeti la L'Auto, na mhariri wake, Henri Desgrange, alijua kwamba kadiri mateso yanavyozidi ndivyo wasomaji wanavyoongezeka. (Usichukue wazo hilo, Mhariri.)

Sasa, rekodi nyingine zote zinasubiri tu mtu mwenye miguu mizuri zaidi. Ushindi wa hatua 34 za Tour wa Eddy Merckx wa Ubelgiji ulikaa tangu 1975, watu wakaapa hautaguswa. Mark Cavendish wa Uingereza akaufikia 2021, na tarehe 3 Julai 2024 akashinda ya 35. Sekunde 8 ambazo Mmarekani Greg LeMond alimshinda Mfaransa Laurent Fignon mwaka 1989, tofauti ndogo kuliko zote katika historia ya Tour, zinaweza kupunguzwa hata mwakani. Wawili wakilingana nguvu, inatosha.

Hii ya 1926 haimtegemei mwendeshaji hata kidogo. Kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, haziruhusu mashindano makubwa ya wiki tatu kuzidi kilomita 3,500. Tour ya 2025 haikufika hata 3,400. Ili rekodi ivunjwe, wakubwa wa mchezo wakae mezani na kukubali kuongeza zaidi ya kilomita 2,000, na timu zikubali, na madaktari wakubali. Hawatakubali, na ni haki yao.

Kuna jirani yangu anayeshikilia kwamba urefu wa njia si rekodi ya mwanamichezo bali ni ya waandaaji. Hoja yake ina uzito, lakini kilomita zile hazikujiendesha zenyewe. Kuna watu 41 waliozimaliza.

Ila kama ni lazima nichague rekodi ya mtu mmoja, basi si hiyo 35 ya Cavendish. Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyezaliwa 1998, alimaliza Tour ya 2025 akiwa tayari ameshinda hatua 21 kwa jumla, kwa hiyo hata hiyo 35 anaweza kuifikia.